Msonge wa Bibi Filomena

Udongo mwekundu uliolowa, majivu ya jikoni, na mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mikorosho: harufu hizo tatu zikikutana mahali popote, hata leo, miguu yangu huanza kutafuta njia kabla akili haijajua inataka kwenda wapi. Ni harufu za mwezi wa kumi katika kitongoji chetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Madimba ukielekea upande wa mto Ruvuma. Wakati ule barabara ilikuwa mchanga mtupu, baiskeli zilisukumwa kuliko kupandwa, na upepo wa baharini ulipita juu ya mihogo mchana kutwa bila kutulia. Korosho zilikuwa zinaanguka, watu wako mashambani, na bibi yangu mzaa mama, Bibi Filomena, alikuwa anaikandika nyumba yake upya kabla ya mvua. Alichota udongo kwenye shimo la nyuma, akaumwagia maji, akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe mpaka ukalainika kama unga wa chapati, kisha akaupaka ukutani kwa kiganja, akizunguka polepole. Alizunguka kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa ya duara. Ukianza kuikandika mlangoni, unamalizia mlangoni. Paa lake la nyasi lilichongoka kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa juu chini, na kitongoji kizima hakikuwa na nyumba nyingine ya namna hiyo. Za watu wengine wote zilikuwa na pembe nne.

Bibi alivuka Ruvuma akiwa mwanamke kijana, wakati wa vita vya ng'ambo, mama yangu akiwa mgongoni. Watu wa kijiji walimwita Mmawia, jina wanaloitwa Wamakonde waliotoka Msumbiji, na si kila aliyelitamka alikuwa na nia njema. Alikuwa na chale mashavuni, alisali rozari katika kijiji cha Waislamu, na Kiswahili chake kilikuwa na kishindo cha Kimakonde: mtoto kwake alikuwa ntoto, na mkono ulikuwa nkono. Mama alipoolewa na baba akaingia katika dini ya baba, bibi hakumzuia. Baba naye, kwa wema wake, alimpa mkwewe sehemu ya kukaa pembeni mwa shamba la ukoo wao, hatua kama kumi na tano kutoka nyumbani kwetu. Hapo bibi alichomeka kigingi, akafunga kamba, akaivuta mpaka ikakaza, akazunguka nayo akichora mstari mchangani kwa mpini wa jembe. Mama aliniambia kwamba siku ile alikuwa na mimba yangu, na kwamba ndiye aliyebeba udongo. Nguzo, fito, kamba za magome, nyasi, vyote bibi alivitafuta mwenyewe. Ilipokwisha, akahamia humo, na baba, kwa heshima ya mkwe, hakuwahi kuvuka kizingiti chake hata siku moja. Alipokuwa na neno alisimama nje, mbali kidogo, akaangalia pembeni, akasema.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na nililala kwa bibi siku nyingi kuliko nilivyolala kwa wazazi wangu. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike, na tulikula ming'oko, viazi vya porini, kwa chumvi tukiwa tumeegemea ukuta, miguu yetu ikielekea moto katikati. Ndani ya duara hakuna wa mbele wala wa nyuma. Hilo sikulifikiria wakati ule. Nilijua tu kwamba nyumbani kwetu nilikaa kwenye kona na kwa bibi sikuwa na kona ya kukaa.

Mwaka huo tulipata mwalimu mpya wa Maarifa ya Jamii, Mwalimu Koku, aliyetoka Kagera, mbali kiasi kwamba tulidhani ni nchi nyingine. Siku moja alichora ubaoni nyumba za namna mbalimbali. Hii yenye paa bapa la udongo ni tembe, alisema, utaiona Dodoma. Hii ya mviringo yenye paa la kuchongoka ni nyumba ya msonge. Kisha, kwa sauti iliyobadilika kidogo, akaeleza kwamba kwao nyumba ya mviringo ilikuwa ya heshima, hata watawala walilala humo, na kwamba neno la kwao linafanana na hili la Kiswahili kama ndugu wawili. Akauliza nani amewahi kuuona msonge kwa macho yake. Mimi nilitazama dawati. Lakini kijana mmoja nyuma akaninyooshea kidole akasema bibi yake Somoe analala kwenye msonge, yule Mmawia, na darasa likacheka. Sijui hata walicheka nini. Pengine lile neno jipya tu lililokaa karibu na lile la zamani. Uso ulinichoma. Nikasimama nikasema, "Si nyumba ile. Ni banda la kuwekea mihogo." Mwalimu Koku alinitazama kwa muda, kisha akafuta ubao, akaendelea na somo.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Nilidhani nimesema uongo mdogo unaoishia darasani, na kwa wiki mbili ilikuwa hivyo. Ila wiki hizo zenyewe hazikuwa na utulivu. Habari zilikuwa zimefika kwamba barabara pana itapita katika kitongoji chetu, na kila mtu aliijua habari hiyo kwa namna yake. Wengine walisema itapita upande wa msikiti, wengine upande wa kisima. Watu walipanda miche ya minazi katikati ya njia, wengine wakaanza kujenga vyumba ambavyo hawakuwa na haja navyo, na wengine wakaacha hata kuziba paa linalovuja. Baba alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kusikiliza, anarudi mchana, anaondoka tena. Mwishoni mwenyekiti wa kijiji alituita akatangaza: watakuja wathamini kuandika mali za kila kaya. Kila kaya yenye nyumba itakayovunjwa itapewa kiwanja kingine, karibu na shule. Mabanda, vyoo na majiko vitaandikwa pia, lakini havina kiwanja.

Mthamini alifika siku ambayo nilikuwa nyumbani peke yangu, nimeachwa kulinda korosho zilizoanikwa. Alikuwa kijana, amevaa buti, ana ubao mdogo wenye kibanio cha karatasi na futi ya kupimia. Mjumbe aliyepaswa kumwongoza alikuwa amebaki kwa jirani, akiamua ubishi wa mkorosho uliosimama mpakani. Yule kijana alinisabahi vizuri, akanywa maji niliyompa, akapima nyumba yetu, akaandika. Kisha akageuka.

"Na lile la duara ni la nini?"

Nilisikia kicheko cha darasa lote nyuma ya kisogo changu. "Banda," nikasema.

"La mifugo?"

"La mihogo."

"Hakuna anayelala humo?"

"Hakuna."

Mlango wa bibi ulikuwa umefungwa kwa kamba kama kawaida yake akienda shamba, na yule kijana hakuufungua. Hakuwa na sababu ya kumshuku mtoto. Alipima upana, akaandika mstari mmoja, akachora ukutani namba ya nyumba yetu kwa rangi nyekundu na kuongeza herufi B pembeni yake, juu ya udongo ambao bibi alikuwa ameukandika juzi tu. Kisha akaenda shambani kumtafuta baba atie sahihi. Baba alitia sahihi juu ya gunia la korosho, mikono ikiwa na utomvu, bila kusoma. Jioni bibi aliporudi aliigusa ile rangi kwa kidole. Hakujua kusoma. Akaniuliza imeandikwa nini, nikamwambia ni namba ya nyumba. Akaridhika, akasema angalau wamechora vizuri.

Orodha ilisomwa mwezi uliofuata, mbele ya ofisi ya kijiji. Bibi alikaa mstari wa mbele, kajitanda kanga yake nzuri, mkononi kashika kitambulisho cha kupigia kura. Mtendaji wa kijiji alisoma jina baada ya jina, na kila aliyeitwa alisimama kidogo kama vile amepewa zawadi. Jina la baba lilisomwa. La bibi halikusomwa. Mpaka orodha ikaisha, watu wakaanza kuinuka wakikung'uta mchanga, bibi bado amekaa.

"Mimi sijaitwa," alimwambia mtendaji.

Mtendaji alirudi kwenye karatasi, akafuata mistari kwa kalamu. "Bibi, wewe uko chini ya mkweo. Nyumba moja, choo kimoja, banda moja."

"Banda lipi?"

Mtendaji aliwatazama waliobaki kana kwamba wangemsaidia. "Lile la duara. Ndivyo alivyosema aliyekutwa nyumbani."

Bibi hakuuliza ni nani. Alifunga kitambulisho chake ndani ya pindo la kanga, akanyanyuka kwa kushika goti, akaanza kutembea. Mama alinitazama mara moja tu, kisha akamfuata mama yake. Mimi nilibaki pale pale mpaka ua wa ofisi ukawa mtupu.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko zote, na sizikumbuki kwa matukio bali kwa kutotulia. Nilichota maji hata mitungi ilipojaa. Nilifagia ua mara tatu kwa siku. Nikienda shule niliongeza njia ili nisipite mlangoni kwa bibi, nikirudi nilipita tena na tena nikijifanya natafuta kuku. Ndani ya nyumba wazazi wangu walikuwa hawajawahi kubishana namna ile. Baba alisema kelele za nini; kiwanja tumepata, tutajenga, mkwe atapewa chumba, nani amesema atalala nje? Mama akajibu kwamba mama yake amejenga nyumba mbili kwa mikono yake, moja ng'ambo na moja hapa, na leo anaandikwa kama debe la mihogo katika mali ya mtu mwingine. Baba akasema hakuandika yeye. Mama akasema, lakini ametia sahihi. Nilijua wote wawili wanatafuta jina la mtu wa tatu, na jina lenyewe lilikuwa langu.

Bibi naye hakutulia. Alitoa vyombo vyote nje, akavipanga juani, akavirudisha ndani, kesho yake akavitoa tena. Halafu akaanza kuikandika upya nyumba ambayo ilikuwa imeshaandikwa kuvunjwa, na ambayo alikuwa ameikandika mwezi uliopita tu. Watu waliopita walidhani umri umeanza kumchezea. Siku ya nne sikuweza tena. Nilichukua ndoo bila kuambiwa, nikaanza kumbebea udongo, na tulifanya kazi kutoka mlangoni mpaka nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayetuona. Hapo nikaweka ndoo chini nikamwambia kwamba ni mimi. Nikaeleza yote: kicheko cha darasani, buti za mthamini, herufi B. Nililia mpaka kamasi.

Hakuacha kupaka. "Nilijua siku ile ile ya orodha," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie kwa nini."

Nikamwambia niliona aibu.

Aliposikia hivyo ndipo kiganja chake kiliposimama ukutani. Akanigeukia, udongo umemfika viwiko. "Banda ni la kitu, Somoe. Nyumba ni ya mtu. Mimi ni kitu?"

"Hapana, bibi."

"Basi nenda ukawaambie hivyo hivyo. Usinipelekee mtu mzima akanisemee. Wewe ulilitoa hilo neno, wewe ulirudishe."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bibi hakuwa mtu wa methali za kukata tamaa. Nilimwendea Mwalimu Koku kwa sababu yeye ndiye aliyeusikia uongo wangu wa kwanza. Nilitegemea atanichapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ninajua siku za kupeleka pingamizi zimebaki ngapi. Zilikuwa zimebaki tatu. Akatoa karatasi, akaniambia niandike mwenyewe kwa mwandiko wangu, na pale ambapo sikujua kuendelea hakunitajia maneno. Aliniuliza tu nini kilifuata. Tukaipeleka ofisini pamoja. Mtendaji aliisoma akiwa amesimama, akakuna kidevu, akasema hajawahi kupokea pingamizi la mtoto wa darasa la tano.

Walikuja siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri: mtendaji, mwenyekiti, yule mthamini kijana, na Mwalimu Koku aliyekuwa na kitabu kinene kwapani. Bibi alikuwa ametandika mkeka nje. Mama alisimama nyuma yake. Baba alisimama mbali, kama ilivyompasa mbele ya mkwe, uso ameuelekeza shambani, lakini nilijua anasikia. Niliambiwa niseme. Maneno niliyoyapanga asubuhi nzima yalipotea, yakabaki machache.

"Nilisema uongo," nikamwambia mthamini. "Bibi analala humu. Ni nyumba yake. Nilimwonea aibu."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana, ambaye leo nikimkumbuka naona alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao mimi sasa, alisugua kalamu kwenye karatasi, akasema kwa upole kwamba haoni shida kumwamini mtoto, shida ni fomu. Fomu ina nyumba na ina banda. Katika michoro aliyopewa, nyumba ina kuta nne. Ukuta huu ni mmoja tu, unazunguka. Sasa yeye auweke wapi? Hapo Mwalimu Koku akafungua kamusi yake akasoma msonge ni nini, na maelezo, kabla ya kutaja mviringo wala paa, yalianza na neno nyumba. Akamwonyesha kwa kidole. Mthamini akasoma mwenyewe, mara mbili.

Aliyekasirika alikuwa bibi. Alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo. "Msonge?" aliuliza. "Nani amesongwa humu?" Mwenyekiti akajikohoza kuficha tabasamu. Mwalimu Koku akachuchumaa mbele yake akamweleza taratibu kwamba kwao ni jina la sifa. Bibi akasema kwao hakukuwa na jina la nyumba ya duara, maana zote zilikuwa za duara. Aliyejenga pembe nne ndiye aliyehitaji jina. Hata leo, baada ya kuwauliza wengi, sijui kwa uhakika neno lile lilizaliwaje. Tunasonga ugali, tunasonga mbele, watu husongamana, na mwenye mawazo huwa na msongo. Napenda kudhani ni zile fito, zinazokusanywa na kukazwa pamoja kule juu mpaka hakuna ufito unaoweza kuchomoka peke yake. Lakini huko ni kupenda kwangu tu, si elimu.

"Nyumba njema si mlango," bibi alimwambia mthamini, akifungua kamba mwenyewe. Methali hiyo humalizia kwa kusema fungua uingie ndani, na hakuhitaji kuimalizia. Kijana akainama, akaingia, nasi tukamfuata. Akakiona kitanda cha kamba, rozari iliyotundikwa kwenye nguzo ya kati, sanduku la bati, mtungi, gauni langu la shule likiwa limeanikwa kwenye fito. Alikaa kwenye kigoda alichopewa. Sote tulienea tukiwa tumeegemea ukuta, na kwa kitambo hakuna aliyejua aanze kuzungumza na nani, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anamtazama kila mwenzake. Kisha akakata mstari wa zamani kwa kalamu, akaandika juu yake: nyumba ya msonge, moja. Akamwuliza bibi jina lake kamili, kwa ajili ya kiwanja.

"Usiandike langu," bibi alisema. Akamnyooshea mama mkono wenye madoa ya udongo. "Andika la huyu."

Mthamini akafikiri hakueleweka. Akaeleza kwamba mama tayari yumo, ana nyumba pale mbele.

"Ile ni ya mumewe," alisema bibi. "Hii ni yangu, na ninampa."

Nje, kupitia mlango ulioachwa wazi, nilimwona baba akiinama kuokota korosho moja mchangani, akaishika muda mrefu kuliko korosho inavyostahili. Nadhani aliumia, na sidhani alistahili kuumizwa, kwa sababu hakuwahi kumtendea ubaya mkwewe. Lakini bibi alikuwa mtu aliyewahi kuondoka mahali akiwa hana chochote isipokuwa mtoto mgongoni. Aliona mbali kuliko wema wa mtu.

Mashine zilipokaribia, bibi hakungoja zimfikie. Aliifumua nyumba yake kwa mikono, kutoka kilele kushuka chini, nyasi kando, fito kando, na kwenye kiwanja kipya karibu na shule akachomeka tena kigingi na kamba. Safari hii mama alishika mpini wa jembe na mimi nilibeba udongo. Baba alituma vijana wawili na nguzo, yeye mwenyewe hakufika. Duara lilikuwa dogo kuliko la kwanza, maana pumzi za bibi zilikuwa zimepungua, na paa liliinama kidogo upande wa kusini. Alilala humo mpaka nilipofika kidato cha pili, akafariki mwezi wa korosho, na tulimzika karibu na kanisa dogo la ng'ambo ya bonde. Mwaka uliofuata baba alipata kazi mjini Mtwara. Miaka miwili baadaye akaoa mke mwingine huko, akaacha kuja. Ndugu zake walipokuja kumwambia mama kwamba nyumba aliyoijenga baba kwenye kiwanja chake kipya ni ya ukoo, maana kiwanja hicho kilitolewa badala ya ardhi yao, hawakuwa wakali. Walikuwa na haki yao na walizungumza kama watu wenye haki. Mama hakubishana nao. Alibeba kitanda chake, sufuria zake na mimi, akaenda kwenye kiwanja chenye jina lake. Usiku wa kwanza nilijaribu kuhesabu tungekuwa wapi kama lile neno langu moja lingebaki kwenye karatasi, nikaacha, kwa sababu sikupata pa kuishia.

Sasa nachora ramani za nyumba. Nina meza na kompyuta katika chumba cha kupanga mjini Mtwara, bajaji zinapita dirishani kutwa, na wateja wengi wanataka vyumba vitatu, sebule, na choo cha ndani. Barabara ile imekuwa lami. Sitailaani: ndiyo iliyonifikisha hospitali kwa wakati nilipojifungua kwa shida, na safari ya Madimba na kurudi tuliyokuwa tukiitembea asubuhi nzima naikamilisha kabla chai haijapoa kwenye chupa. Kitongojini hakuna tena nyumba ya duara. Watoto wa pale wakisikia msonge huwazia picha ya kitabuni. Mwaka jana alikuja mtu anayejenga nyumba za wageni upande wa Msimbati, akataka vyumba sita vya mviringo, vya makuti, vinavyotazama bahari. Nilifurahi kupita kiasi, nikavichora kwa siku mbili bila kula vizuri. Alipoviona alivisifu, akaniagiza niandike juu ya mchoro: mabanda. Alieleza kwamba ndivyo wageni wanavyoyaita, nao huyapenda. Nikaandika, kwa kuwa kazi ni yake. Kisha nikatoka nje, nikatembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu.

Mwezi uliopita mama aliniita nyumbani. Ile nyumba ya bibi ilikwisha kuanguka zamani, na mama anaishi katika vyumba viwili vya tofali alivyojenga kwa jasho la vitumbua. Sasa anataka nyumba kamili. Nilikwenda na daftari na mchoro niliokuwa nimeuandaa kwa miaka, naweza kusema tangu nilipojifunza kushika rula: nyumba ya duara, ya tofali na bati, sebule katikati, vyumba vikiizunguka, paa limechongoka. Nilimweleza yote. Mama aliuangalia kwa adabu, akaugeuza huku na huku.

"Mzuri, mwanangu," alisema. "Lakini kabati langu litakaa wapi kwenye duara?"

Nikamwambia kabati linaweza kutengenezwa la kupinda. Akacheka, akanishika bega, akasema yeye alizaliwa ndani ya duara, alibeba udongo wake, akarudi kuishi ndani yake, na hana deni nalo. Anataka pembe nne na varanda ya mbele, aone barabara. Kiwanja ni chake. Nilifungua ukurasa mpya nikamuuliza varanda iwe na upana gani, naye akainuka kunionyesha, akihesabu hatua zake mwenyewe mchangani, haraka haraka, kama mtu aliyechelewa.